Nimemficha baba karatasi ya majibu ya upasuaji wa saratani ya tumbo

Shikamoo mama mshauri,

Naandika usiku kwa sababu mchana nyumbani kwetu hapaongeleki. Mimi ni kifungua mimba, tuko watoto watatu. Baba ana miaka 61. Alianza kulalamika kwamba akila vijiko vitatu anashiba, tukadhani ni vidonda vya tumbo vyake vya siku zote. Alipoingizwa mpira wenye kamera na kukatwa kipande kidogo cha nyama ya kupima, majibu yakaja saratani ya tumbo. Akapewa kwanza mizunguko minne ya kemo, yaani dawa za mshipani za kuua saratani, kila baada ya wiki mbili (kwenye kadi imeandikwa FLOT), halafu wiki sita zilizopita akapasuliwa. Wametoa tumbo lote. Daktari alitoka akatuambia, "Upasuaji umefanikiwa." Mama yangu alikaa chini pale pale kwenye korido akalia kwa furaha. Sisi tukajua tumemaliza.

Siku ya kutoa nyuzi nilikabidhiwa karatasi ya majibu ya kile kilichotolewa. Niliisomea ndani ya gari. Kuna maneno "ypT3", kuna "N1 (2/24)", kuna "R0". Nilipoona T3 nikajua basi, ni hatua ya tatu. Niliipiga picha nikamtumia dada yangu. Yeye alidhani 2/24 ni tarehe. Usiku akaingia mtandaoni, akarudi na habari kwamba watu wa saratani hii wanaofikisha miaka mitano ni kama mmoja tu kati ya watatu. Tangu siku hiyo hawezi kukaa na baba robo saa bila kutoka nje kufuta machozi. Karatasi nimeikunja, iko kwenye droo yangu chini ya mashati. Baba ameniuliza mara mbili kama majibu yametoka. Nimemwambia bado.

La pili ni kemo. Daktari anataka arudi kwa mizunguko mingine minne. Baba hataki kusikia. Ile ya kwanza ilimng'oa nywele na kumwachia ganzi vidoleni mpaka kufunga vifungo vya shati ni kazi. Baba mdogo anamuunga mkono: saratani imeshatolewa, sumu ya nini tena? Halafu huyo huyo anatulaumu kwa kukubali kisu, anasema saratani ikiguswa na chuma ndipo inapotapakaa.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Mama anampakulia sahani kama zamani, kisha anamletea glasi ya juisi tamu "arudishe nguvu". Dakika ishirini haziishi, baba anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, tumbo linanguruma, anaomba alazwe. Jumapili nusura azimie. Mama anasema saratani imerudi. Amepungua kilo 14 tangu aanze kuugua. Mkanda wake niliutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, na wiki iliyopita nimetoboa la pili.

Mama mshauri, niambie ukweli. Ni mambo gani yanayoamua kama mtu aliyepasuliwa saratani ya tumbo ataishi? Baba ana muda gani? Na hii karatasi niifanyeje?

Kifungua Mimba

—

Marahaba mwanangu.

Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kuubeba mzigo huu peke yako. Nimefanya kazi miaka mingi wodi ya upasuaji, nikiwapokea watu wakiwa bado na usingizi wa nusukaputi, kwa hiyo nitakujibu kama nilivyokuwa nawajibu ndugu nje ya mlango wa wodi, bila kuzunguka. Ila kumbuka, faili analo daktari wa baba yako. Mimi nina barua tu.

Nianze na jasho la Jumapili, maana hilo halisubiri kliniki. Unavyolieleza, halifanani na saratani kurudi. Tumbo lilikuwa ghala: lilipokea chakula, likakisaga, likakiachia kwenda kwenye utumbo kidogo kidogo. Ghala hilo sasa halipo. Umio umeungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na kila anachomeza baba kinatua huko kwa mkupuo. Kitu kitamu ndicho kibaya zaidi, kwa sababu sukari nyingi ikifika kwenye utumbo inavuta maji kutoka kwenye damu. Utumbo unajaa na kunguruma, presha inashuka, moyo unakimbia kufidia, mtu analowa jasho. Inakuja ndani ya nusu saa baada ya kula, kama ulivyohesabu mwenyewe. Madaktari wanaiita dampingi. Ina ndugu yake anayechelewa, saa 1 hadi 3 baada ya chakula: sukari ilipanda ghafla, mwili ukamwaga insulini kupita kiasi, sukari ikaporomoka. Hapo mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, na anaweza kuzimia kweli.

Mwambie mama, kwa upole, kwamba ile sahani iliyojaa ni ya mtu mwenye tumbo. Baba sasa apakuliwe kwenye kisahani cha kikombe cha chai, mara sita au hata nane kwa siku, kwa saa na si kwa njaa, maana njaa yenyewe huenda haisikii tena. Aanze na vya kujenga mwili, kama mayai, samaki, nyama laini au maharage yaliyoiva vizuri, ndipo aje kwenye wanga. Atafune mpaka kiwe uji mdomoni. Vinywaji vikae mbali na chakula, nusu saa kabla au baada. Juisi tamu na soda ziondoke kabisa kwa sasa. Akimaliza ajiegemeze kwenye mito, asilale chali bapa, kwa sababu pale juu hapana tena kizuizi na nyongo inaweza kumpanda kifuani. Usiku pia alalie mito miwili mitatu. Hali hii kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Akizimia, au mkimwona anachanganyikiwa saa mbili baada ya kula, apimwe sukari na daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Nimelianza hili kwa sababu nyingine pia. Umeuliza nini kinaamua uhai, na watu wakisikia swali hilo wanawaza visu na madawa makubwa. Lakini kilo zile 14 zimo. Mtu anayeendelea kukonda baada ya upasuaji hushindwa kuvumilia kemo, anaikatisha mapema, na vidonda na maambukizi humwandama. Tutarudi hapo.

Sasa itoe ile karatasi chini ya mashati tuisome.

Mimi ningeanzia mwisho, kwenye R0. Maana yake mtaalamu wa patholojia ameziangalia kingo za nyama iliyokatwa kwa darubini, juu na chini, akakuta hakuna seli ya saratani pale kisu kilipopita. Kama ingekuwa R1, seli zingekuwa zimeonekana kwenye ukingo. R2 ni uvimbe uliobaki ambao hata macho ya mpasuaji yaliuona. Kati ya vyote ambavyo mpasuaji anaweza kumpa mgonjwa wa saratani hii, hakuna kinachozidi hiyo R0.

T3 sasa. T3 si hatua ya tatu, mwanangu. Herufi T inapima kina tu, uvimbe umechimba ukuta wa tumbo mpaka tabaka gani. T1 ni tabaka za juu za ndani, T2 umefika kwenye msuli, T3 umeuvuka msuli ukaingia kwenye mafuta yaliyo chini ya ganda la nje, T4 umetoboa ganda hilo au umevamia kiungo cha jirani. Kwa hiyo kwa baba yako ulichimba sana, lakini ganda la nje lilikuwa bado zima. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu ganda likitobolewa seli huweza kudondoka nje ya tumbo, kwenye nafasi inayozunguka utumbo, na kuota kwenye utando unaofunika matumbo, na huko ndiko saratani hii inakopenda kurudia.

Na ile 2/24 iliyomchanganya dada yako: wametoa na kukagua tezi za limfu 24, zile punje zinazochuja majimaji ya mwili, mbili zikakutwa na saratani. Tezi 1 au 2 ni N1. 3 hadi 6 ni N2. 7 na kuendelea ni N3. Ningependa kuona sifuri, sikufichi. Hesabu ya tezi zenye saratani ni miongoni mwa mambo yanayotabiri uhai kuliko karibu mengine yote. Ila itazame pia namba ya chini. Miongozo inataka zikaguliwe angalau 16, kwa sababu aliyekaguliwa tezi tano tu akaambiwa zote safi hana hakika ya kitu, huenda ya sita ndiyo iliyokuwa nayo. Ishirini na nne ina maana mpasuaji alifagia vizuri na aliyekagua hakuwa na haraka.

Kufagia huko kuna historia ndefu ya ubishi. Wapasuaji wa Japani walikuwa wakitoa tezi za mbali kidogo, zile zinazofuata mishipa mikubwa ya damu, na wenzao wa Ulaya wakisema ni kumtesa mgonjwa bure. Waholanzi wakafanya jaribio, nusu ya wagonjwa wakatolewa tezi za karibu tu na nusu wakatolewa na za mbali. Mwanzoni waliotolewa nyingi walikufa zaidi pale pale hospitalini, asilimia 10 dhidi ya 4, na watu wakasema umeona. Lakini walipofuatiliwa miaka 15, waliokufa kwa saratani yenyewe walikuwa asilimia 37 upande wa tezi nyingi na 48 upande wa tezi chache. Sehemu kubwa ya hasara ile ya mwanzo ilitokana na kutoa bandama na sehemu ya kongosho pamoja na tezi, jambo ambalo leo halifanywi ila kwa sababu maalumu. Ndiyo maana pia hospitali inayofanya upasuaji huu mara kwa mara huwa na vifo vichache kuliko inayoufanya mara moja moja.

Ile "y" ndogo mwanzoni inasema karatasi iliandikwa baada ya kemo, yaani hicho ni kilichobaki baada ya dawa kupita. Ukiviunganisha T3, N1 na kutokuwepo kwa saratani mbali, kwa mpangilio unaotumika baada ya kemo baba yako yuko hatua ya pili. Mlikuwa mkilia hatua isiyo yake.

Kuna mengine kwenye karatasi ambayo hukuniandikia. Tafuta aina. Tangu mwaka 1965 saratani hii hugawanywa mafungu mawili makubwa: ile inayofanana na utumbo, inayokua kwa kukusanyika, na ile inayotawanyika seli moja moja ndani ya ukuta, ambayo mara nyingi huwa kali zaidi na ni ngumu kuona mpaka wake. Tafuta pia kama wameandika chochote kuhusu kuingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu. Uvimbe ulikuwa juu karibu na umio au chini? Wa juu kwa kawaida ni mgumu zaidi. Na muulize daktari kama kipimo cha MSI kilifanywa. Hiki kinaonyesha kama seli za uvimbe zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa yao ya vinasaba. Ajabu ni kwamba wenye kasoro hiyo kwa kawaida hupata matokeo mazuri zaidi baada ya upasuaji, na kwao faida ya kemo ya kawaida ina mjadala, kwa hiyo jibu lake linaweza kubadili mazungumzo yote ya kemo nyumbani kwenu.

Visivyoandikwa kwenye karatasi ni mwili wenyewe. Miaka 61 peke yake si kizuizi; nimeona wa miaka 75 wakitembea kwenye korido siku ya pili. Kinachohesabiwa ni moyo, mapafu, figo, kisukari, sigara, na protini ya damu iitwayo albumini ikiwa chini. Halafu yale ya baada ya upasuaji: mshono wa umio na utumbo ukivuja, usaha ukijaa ndani, mgonjwa hupoteza wiki, hupoteza nyama mwilini, na kemo inasogezwa mpaka muda wake unapita. Baba yako ametolewa nyuzi na yuko nyumbani anabishana. Hapo mmevuka.

Tuje kwa mmoja kati ya watatu wa dada yako. Namba hiyo si ya uongo. Ila humo ndani wamechanganywa waliopasuliwa na ambao hawakuweza kupasuliwa kabisa, wa hatua ya kwanza na waliogunduliwa ini likiwa limejaa. Takwimu za Marekani zikitenganishwa, wanaofikisha miaka 5 ni takriban watatu kati ya wanne kama saratani haijatoka nje ya tumbo, zaidi kidogo ya theluthi moja kama imefika kwenye tezi au viungo vya jirani, na chini ya mmoja kati ya kumi kama imesambaa mbali. Hata lile fungu la katikati ni pana mno: mwenye tezi mbili amekaa benchi moja na mwenye tezi ishirini, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa. Baba yako yumo humo, ila upande ulio afadhali wa benchi. Ukiniuliza ana muda gani, sina tarehe, na atakayekupa tarehe mkwepe. Ninachoweza kusema ni kwamba yuko kwenye kundi ambalo wapo wengi wanaopona moja kwa moja na wapo wengi pia wanaorudiwa, na ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Anayefikisha mitano bila kitu, madaktari huanza kutumia neno kupona.

Kemo. Hapa nitasimama na daktari, lakini si kwa ukali unaoutarajia.

Kwanza baba mdogo. Hoja yake kwamba kilichotolewa kimetolewa ingekuwa sahihi kama saratani ingekuwa jiwe. Tarehe 29 Januari 1881, jijini Vienna, mpasuaji Theodor Billroth alimkata mwanamke wa miaka 43 sehemu ya chini ya tumbo iliyokuwa na saratani, akaunga kilichobaki na utumbo. Alikuwa wa kwanza ambaye mgonjwa wake alipona kidonda. Mama yule alikula, akaruhusiwa, dunia ya madaktari ikashangilia. Takriban miezi minne baadaye akafariki, kwa sababu saratani ilikuwa imeshasambaa kabla kisu hakijamgusa. Upasuaji wake ulifanikiwa! Mpasuaji akitoka na neno hilo anamaanisha kilichopangwa kimefanyika, damu haivuji, mshono umekaa. Hawezi kuona seli moja iliyokwisha kukimbilia kwenye damu mwezi uliopita. Kemo inatafuta hiyo. Na kwa kisa hicho hicho utamjibu baba mdogo kuhusu chuma: wanaopasuliwa wakakutwa imetapakaa, wengi ilitapakaa wakiwa bado wanatumia dawa za vidonda vya tumbo. Kisu kilifika tu kikaikuta.

Je, kemo inasaidia kweli? Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 503 lililoongozwa kutoka Uingereza. Waliopasuliwa tu, waliofika miaka 5 walikuwa asilimia 23. Waliopata kemo kabla na baada, asilimia 36. Mwaka 2019 Wajerumani wakatoa matokeo ya FLOT yenyewe, wagonjwa 716, wakiilinganisha na kemo ya zamani: nusu ya waliopewa FLOT walivuka miezi 50, kwa ile ya zamani nusu walivuka 35.

Sasa sikiliza hili, maana baba yako atalihitaji. Katika majaribio yote mawili, waliomaliza mizunguko yote, kabla na baada, hawakufika hata nusu. Wengi walishindwa baada ya upasuaji, kama anavyoona yeye kwamba atashindwa. Na bado faida ilionekana kwa kundi zima. Kwa hiyo mizunguko minne aliyokwisha kunywesha mshipa wake haikupotea, na asiogopeshwe kwamba asipomaliza ya mwisho amejiua. Ila asikatae kwa hasira kabla hajaongea na daktari kuhusu ganzi. Ganzi ya vidole inatokana na mojawapo ya dawa zile, oksaliplatini. Inaweza kupunguzwa kipimo, inaweza hata kuachwa nyingine zikaendelea. Nywele ni kazi ya dosetakseli, hizo zitaota. Mpeleke na swali hilo: "Daktari, vifungo vya shati vinanishinda, kuna namna?" Wagonjwa wengi hawasemi, wanavumilia, halafu siku moja hawaji. Na msikae mkibishana mpaka muda uishe, wengi huanza ndani ya miezi 2 au 3 baada ya upasuaji, nanyi mko wiki ya sita. Akianza, homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, hata kama anasema yuko sawa.

Kuna jambo dogo ambalo husahaulika, nalo hunikera kuliko yote. Kuta za tumbo ndizo zilizokuwa zikitengeneza kitu kinachobeba vitamini B12 ili utumbo uifyonze. Tumbo limetoka lote, kwa hiyo baba yako atahitaji B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana huenda hakuna atakayeona tofauti mwanzoni. Halafu baada ya mwaka au miaka kadhaa mtu anaanza kuchoka, miguu inawaka, anapepesuka, anasahau, na nyumba nzima inalia saratani imerudi kumbe ni sindano tu. Hakikisha imeandikwa kwenye kadi yake nani anaichoma na lini. Madini ya chuma na kalsiamu yapimwe pia.

Kliniki za kufuatilia zitakuwa kama kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha zitaachana. Msizichukulie kama hirizi. Haijathibitika kwamba kupiga picha za mara kwa mara kunarefusha uhai. Faida yake kubwa ni kwamba uzito, damu, lishe na maumivu vinaangaliwa na mtu anayejua. Asiyeweza kumeza, anayetapika kila kitu, mwenye macho ya manjano, choo cheusi kama lami au mguu mmoja uliovimba, huyo hasubiri tarehe ya kliniki.

Ninyi watoto watatu, mkapimwe bakteria wa tumbo aitwaye Helicobacter pylori. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimtaja rasmi kuwa chanzo cha saratani tangu 1994, anaambukizana ndani ya familia, na anatibika kwa vidonge vya wiki mbili hivi. Kama karatasi ya baba inasema aina ya kutawanyika, na kuna shangazi au babu aliyekufa kwa ugonjwa kama huu akiwa bado kijana, mtajeni huyo kwa daktari, kwani kuna familia chache zinazorithi.

Halafu karatasi. Hukuificha kwa ubaya, najua. Lakini angalia kilichotokea: baba anakataa kemo bila kujua kwamba tezi mbili zilikuwa nazo. Anaamua juu ya mwili wake akiwa gizani, na taa umeikunja wewe chini ya mashati. Pia tayari anajua kuna kitu. Mtu akimwona binti yake anatoka nje kila robo saa, anasoma majibu yake usoni mwake, na huko anayasoma vibaya kuliko yalivyo.

Mpe asubuhi, akishakula kile kisahani cha kwanza na kutulia, usimpe usiku. Kaeni wawili kwanza, mama na dada waingie baadaye. Mwambie, "Baba, majibu yalitoka siku ile ya nyuzi, niliogopa." Usijitetee zaidi ya hapo. Kisha msomee kwa mpangilio niliokusomea mimi, R0 kwanza, tezi baadaye. Akitaka kunyamaza mwache anyamaze. Akikuuliza, "Kwa hiyo nitakufa?" mwambie hujui, na kwamba mtamuuliza daktari pamoja. Akisha kuyasikia yote akasema bado hataki kemo, hilo litakuwa neno la mtu mzima mwenye akili zake, nanyi mtalazimika kuliheshimu, baba mdogo akifurahi au asifurahi.

Kuhusu mkanda, acha kutoboa. Tafuta mzani, mpime kila Jumatatu asubuhi kabla hajala, andika kilo nyuma ya ile ile karatasi ya majibu na uende nayo kliniki. Zikishuka tena wiki mbili mfululizo, usingoje tarehe, omba aonwe na mtaalamu wa lishe.